Bibi yangu hakuulizwa

Nimerudi Dar juzi usiku kutoka Muleba, miguu imevimba kwa basi na kichwa kimejaa maneno. Nilikwenda kumaliza msiba wa babu. Kazini walinipa siku nne tu, na siku ya tatu ndiyo ilikuwa ya kikao cha ukoo. Nilidhani nitakaa pembeni na binamu zangu tupige stori za mpira. Kumbe ndiko nilikokwenda kusoma sheria.

Kikao chenyewe hakikuchukua hata saa mbili. Kibanja cha babu kikagawanywa sehemu tatu: baba mkubwa, baba yangu, baba mdogo. Shangazi yangu alikuwa jikoni. Huyu shangazi aliachika zamani akarudi nyumbani na watoto wawili, na ndiye aliyemuuguza babu miaka yake ya mwisho, akapalilia migomba, akapukucha kahawa. Walipomaliza kugawana wakamwita. Mzee mmoja akamwambia kwa upole kabisa: "Wewe utakaa. Hakuna atakayekufukuza."

Utakaa. Neno zuri, au siyo? Maana yake ni hii: atalima na kula, lakini hawezi kuuza wala kukopea, na siku akifa wanawe hawana chao pale.

Sasa mimi msomi wa familia nikajiona nina la kusema. Jioni nikamfuata shangazi jikoni nikamwambia asikubali. Nikamweleza kwamba mwaka 1990 Mahakama Kuu kule Mwanza ilishaamua kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanaume juu ya ardhi ya ukoo, na mwanamke mwenyewe aliyeshinda alikuwa wa huku huku Muleba. Nilieleza vizuri, nikataja mpaka jina la jaji. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho huku anamenya ndizi. Kisha akaniuliza:

"Hiyo sheria ya kwamba mwanamke akae tu, baba, nani aliiandika?"

Nikamwambia iliandikwa mwaka 1963, na kwamba serikali ilikusanya mila za watu ikaziandika.

"Na mama yangu walimwuliza?"

Jamani, sikuwa na jibu. Usiku ule sikulala vizuri. Niliporudi Dar nikafukua madaftari na vitabu nilivyokuwa navyo toka chuoni. Niliyoyakuta ndiyo haya.

Tuanze na mtu anayeitwa Hans Cory. Alikuwa mzaliwa wa Austria aliyekuja Tanganyika, na wakoloni Waingereza wakampa kazi ya mtaalamu wa jamii wa serikali. Mwaka 1945 alitoa kitabu cha sheria za mila za Wahaya, akishirikiana na Hartnoll. Mwaka 1953 akatoa cha Wasukuma. Kwa wakati wake ilikuwa kazi kubwa. Waingereza wengi waliona Mwafrika hana sheria, ana desturi tu. Cory alikaa na watu, akauliza, akaandika.

Lakini alikaa na nani? Machifu na wazee. Wanaume waliokuwa na madaraka, na waliokuwa na sababu nzuri za kueleza mila kwa namna inayowalinda. Mimi ni mwandishi wa habari, najua jambo hili vizuri. Ukienda kijijini ukamhoji mwenyekiti peke yake, utarudi na habari ya mwenyekiti. Itakuwa na majina, tarehe na nukuu, na bado itakuwa habari ya mwenyekiti.

Tukapata Uhuru. Serikali mpya ilitaka taifa moja, na ikaona haifai kila kabila liwe na sheria yake ya mirathi. Cory huyo huyo akapewa kazi ya kusaidia kuziunganisha. Wakakaa tena na wazee wawakilishi, wilaya kwa wilaya. Mwaka 1963 zikatoka kanuni zilizoandikwa kwa ajili ya makabila yanayofuata upande wa baba. Kanuni za mirathi zimo katika Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka huo. Humo mtoto wa kiume wa kwanza yuko daraja la juu, watoto wengine wa kiume daraja la pili, mabinti la tatu. Kanuni ya 20 inasema mwanamke anaweza kurithi, isipokuwa ardhi ya ukoo. Hiyo ataitumia lakini hawezi kuiuza, labda kama katika ukoo hakuna mwanaume. Mjane naye hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Ataangaliwa na watoto wake.

Umeona? "Utakaa" ya yule mzee haikutoka kinywani mwake. Imo kwenye tangazo la serikali.

Na kuna jambo jingine. Mila kabla ya kuandikwa ilikuwa inajadiliwa. Baba aliyempenda binti yake aliweza kubishana na wenzake, na kizazi kilichofuata kiliweza kubadili. Ikishaandikwa na kupigwa muhuri imeganda. Bibi yangu alikuwa hai mwaka 1963. Alikuwa anapalilia kibanja hicho hicho. Hakuulizwa.

Sasa njoo Dar es Salaam, miaka hiyo hiyo. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kilifunguliwa Chuo Kikuu Kishiriki katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Kitivo kilikuwa kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi hawakuzidi kumi na watano. Mmoja wao alikuwa Julie Manning, aliyekuja kuwa jaji na baadaye Waziri wa Sheria. Shahada ilikuwa ya Chuo Kikuu cha London. Hebu fikiria: nchi inazaliwa, na mwanasheria wake wa kesho angetakiwa kukariri sheria ya ardhi ya Waingereza, yenye mabwana wakubwa wa mashamba wa karne zilizopita, halafu aende kuamua ugomvi wa kibanja Bukoba!

Kati ya walimu wa mwanzo alikuwemo kijana William Twining. Alizaliwa Kampala, na baba yake, Sir Edward Twining, alikuwa gavana wa Tanganyika toka 1949 hadi 1958. Mtoto wa gavana akaja kufundisha wanasheria wa nchi huru! Yeye na wenzake waliona mapema kwamba kufundisha sheria ya vitabu vya London bila kuangalia nchi inayowazunguka ni kupoteza muda. London ilikubali mitaala irekebishwe, na wanafunzi wakaanza kusoma kesi za hapa hapa na kuuliza sheria inafanya nini kwa watu, si inasema nini tu. Twining aliondoka mwaka 1965. Huko Uingereza akashiriki kuanzisha mfululizo wa vitabu wa kusoma sheria katika mazingira yake ya kijamii, mfululizo ambao umesomwa dunia nzima. Kwa hiyo wazo tunalolisikia leo kama limetoka ng'ambo, sehemu ya mizizi yake iko Mtaa wa Lumumba.

Chuo kilipohamia Mlimani mwaka 1964 moto uliongezeka. Yash Ghai, Mkenya, alifundisha pale kuanzia miaka hiyo. Mwaka 2000 hadi 2004 aliongoza tume ya kupitia upya Katiba ya Kenya. Willy Mutunga alipata shahada yake ya sheria Dar mwaka 1971, na mwaka 2011 akawa Jaji Mkuu wa Kenya. Issa Shivji aliingia mwanafunzi mwaka 1967, akabaki kufundisha mpaka 2006. Kitivo kikaanzisha kamati ya msaada wa kisheria, walimu na wanafunzi wakawasikiliza wafanyakazi waliofukuzwa, wapangaji, wanawake walioachwa. Aliyekuja na shida alikuwa pia mwalimu. Mwanafunzi alikuwa anaona kwa macho sheria aliyoisoma jana imemfanyia nini mama aliyekaa mbele yake.

Najua utasema haya ni mambo ya wasomi. Haya, twende mahakamani.

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilipokea kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Ndoa ilikuwa imevunjika, mama anadai sehemu ya nyumba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inasema mahakama iangalie mchango wa kila mmoja katika kupata mali. Swali likawa: mama wa nyumbani amechangia nini? Hana mshahara, hana risiti. Ukisoma neno "mchango" kwa kamusi peke yake, hana kitu. Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake wawili wakaangalia nyumba zetu zinavyoishi. Nani anapika, anafua, analea, mpaka huyu baba anapata nafasi ya kwenda kutafuta pesa? Wakaamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Maamuzi mengi ya talaka yaliyofuata yameegemea hapo.

Lakini wengi hawajui mwisho wa kesi ile. Bi Hawa mwenyewe alishindwa. Mahakama iliona kwamba pesa alizopewa na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia alizitapanya, kwa hiyo hakupata kitu. Aliwafungulia wengine mlango, yeye akabaki nje. Kila nikiandika habari ya talaka huwa namkumbuka.

Mwaka 1984 haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba, na kuanzia 1988 mtu aliweza kuzidai mahakamani. Mwaka huo huo wa 1988, Muleba, mwanamke aitwaye Holaria Pastory aliuza shamba la ukoo kwa mtu wa nje kwa shilingi 300,000. Alikuwa ameachiwa na baba yake kwa wosia. Mpwa wake akakimbilia Mahakama ya Mwanzo: mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikakubali, mauzo yakafutwa. Mahakama ya Wilaya ikakataa, ikampa haki mama. Rufaa ikafika kwa Jaji James Mwalusanya. Februari 1990 akaamua kwamba kanuni ya 20 inagongana na Katiba na mikataba ya kimataifa tuliyosaini. Kuanzia sasa, wanaume na wanawake wana haki sawa kuuza ardhi ya ukoo, na wote wana mipaka sawa. Kwa hiyo mpwa angeweza kulikomboa shamba kwa kurudisha bei, kama ambavyo angefanya kama muuzaji angekuwa mwanaume. Kama ni sheria ya ukoo, basi iwabane wote.

Hii ndiyo kesi niliyomtajia shangazi. Imetokea wilayani kwake. Hakuwahi kuisikia hata siku moja! Na wale wazee waliokaa kikaoni nao hawakuwahi kuisikia.

Mwaka 1991 Rais Mwinyi aliunda tume ya kuchunguza matatizo ya ardhi, mwenyekiti akiwa Shivji. Linganisha na Cory. Tume hii ilizunguka mikoa yote ishirini ya Tanzania Bara ya wakati huo, ikafanya mikutano ya hadhara zaidi ya mia mbili, watu wakasimama na kusema. Ripoti ya mwaka 1992 ilipendekeza mamlaka ya mwisho juu ya ardhi yaondolewe kwa rais, yawe chini ya tume ya taifa na mikutano mikuu ya vijiji. Serikali ikakataa hilo. Muswada ulipokuja kuandaliwa, 1996, mtaalamu aliyeuandika alikuwa Patrick McAuslan, aliyekuwa mmoja wa walimu wa mwanzo kabisa wa kitivo cha Dar. Mwalimu wa kitivo kile na mwanafunzi wa kitivo kile, katika jambo moja, na karatasi mbili zisizofanana. Kusoma sheria pamoja na jamii hakuwafanyi watu wote wafikiri sawa.

Hata hivyo wanawake hawakunyamaza. Mwaka 1997 mashirika yao yakaungana katika kikosi cha kutetea haki za wanawake katika ardhi, wakaratibiwa na chama cha wanasheria wanawake, TAWLA. Wakapeleka hoja zao bungeni. Sheria mbili za ardhi za mwaka 1999 zikatoka na maneno mapya: haki ya mwanamke kupata na kumiliki ardhi ni sawa na ya mwanaume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inasema mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili, na katika wajumbe saba wa baraza la ardhi la kijiji, watatu wawe wanawake. Watatu kati ya saba si nusu. Lakini mwaka 1963 idadi ya wanawake waliokuwa na kauli katika jambo hili usingehitaji vidole kuihesabu.

Basi yameisha? Hapana. Kanuni za mirathi za 1963 hazikufutwa. Mwaka 2005 wajane wawili wa Shinyanga, waliotimuliwa na ndugu wa waume zao, walikwenda Mahakama Kuu kuomba zifutwe. Mwaka 2006 mahakama ikakiri kwamba kanuni zina ubaguzi. Ndiyo, imekiri! Kisha ikakataa kuzifuta, kwamba ikianza hivyo kila mila ya kila kabila italetwa mahakamani, na kwamba njia ni kupitia halmashauri za wilaya. Rufaa yao ikatupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya nyaraka. Wakaenda mpaka Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 kamati inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ikasema Tanzania imevunja haki zao.

Nilivyosoma hukumu ile nilirudi kwenye swali la shangazi. Nendeni halmashauri, sawa. Lakini huko halmashauri ataulizwa nani?

Hapo ndipo nilipofika. Tunapenda kusema tusome sheria pamoja na jamii, kana kwamba jamii ni mtu mmoja. Cory naye alisoma sheria pamoja na jamii! Tofauti kati yake na waliosaidia watu wapate haki haikuwa kwamba mmoja alikaa ofisini na mwingine akaenda kijijini. Wote walikwenda. Tofauti ni nani aliyeitwa kwenye mkeka. Kila mara sheria yetu iliposogea kuelekea haki, kuna mtu wa jikoni aliyekuja kusikilizwa: mama wa nyumbani mwaka 1983, mwanamke mwenye shamba mwaka 1990, wanakijiji mwaka 1991. Na kila iliporudi nyuma, walisikilizwa wale wale wa siku zote.

Mwaka 2021 Bunge lilipitisha Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Nilifurahi sana, maana nimeona mahakamani watu wakifungwa kwa maneno wasiyoyaelewa. Lakini kanuni ya 20 ukiiandika kwa Kiswahili safi bado ni kanuni ya 20. Shangazi ataielewa vizuri zaidi tu.

Sasa niseme ukweli wangu ambao nimeuzunguka toka mwanzo. Ile sehemu ya baba katika kibanja, siku moja ni yangu mimi. Mimi ninayeishi Sinza, nisiyejua hata kupunguza machipukizi ya mgomba. Wakati wanagawana nilikuwepo pale kikaoni, nimekaa upande wa wanaume, nimekunywa soda. Sikusema neno. Ujasiri wangu wote niliupeleka jikoni, kwa mtu ambaye hakuwa na mamlaka ya kubadili chochote. Kumwambia aliyeonewa kwamba ana haki ni rahisi. Kuwaambia wanaokugawia ni kazi nyingine.

Jana nilimpigia baba simu. Nikamwambia ninataka sehemu yetu iandikwe jina la shangazi, yeye na watoto wake, tena kwa maandishi. Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Hayo tutayazungumza Desemba, tukikutana wote."

Nimekubali. Nimemwomba jambo moja tu: kwenye kikao cha Desemba shangazi asiwe jikoni. Hilo hajanijibu bado.

Na wewe msomaji, kibanja cha kwenu kiligawanywaje? Kabla hujanijibu, kamwulize mama yako.